Nahodha na Siku ya Saba: Maisha ya Joseph Bates

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 1:26–2:3, Kutoka 16:14–30, Kutoka 20:8–11, Mambo ya Walawi 23:32, Marko 2:27, 28, Waebrania 4:9, 10, Ufunuo 14:6, 7.

Kila lesoni inaporudi kwenye sura mbili za kwanza za kitabu cha Mwanzo, darasa hugeuka baraza la hoja. Huyu anataka kujua siku zile zilikuwa na saa ngapi. Yule anatafuta jibu la kumpelekea mwalimu wa sayansi wa mtoto wake. Mara kengele inalia, na hakuna aliyesema habari za uumbaji zimemfanyia nini yeye mwenyewe. Maswali hayo ni ya haki, nayo yana lesoni zake. Juma hili tumfuate mtu mmoja aliyeisoma Mwanzo upya akiwa na umri wa miaka 52, baada ya kuanguka kwa tumaini kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Alikuta humo jambo lililobadili juma lake lote na, kwa kupitia kwake, majuma yetu sisi.

Joseph Bates alizaliwa tarehe 8 Julai 1792 huko Rochester, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alipokuwa bado mchanga, wazazi wake walihamia kando ya bandari ya New Bedford, mahali panapoitwa leo Fairhaven. Watu wa huko waliishi kwa bahari. Mtoto aliyekua akitazama merikebu zikitoka na kuingia hakutaka jambo lingine lolote. Wazazi wake walimruhusu safari fupi ya kwenda Boston wakitumaini kwamba hamu ingemwisha, lakini safari ile ikaizidisha. Mwaka 1807, kabla hajatimiza miaka 15, aliondoka kwenda Ulaya kama kijana wa kazi melini.

Katika safari hiyo papa mkubwa alikuwa akiifuata merikebu. Joseph alipanda juu ya mlingoti, akapoteza mshiko, akagonga kamba alipokuwa akianguka, kisha akatumbukia baharini. Wenzake walimtupia kamba wakamvuta. Yule papa, wakati huo, alikuwa amehamia upande wa pili wa merikebu. Bates alilisimulia tukio hilo hadi uzeeni, na si vigumu kuelewa sababu.

Mwezi wa Aprili 1810 alikuwa Liverpool, Uingereza. Siku zile jeshi la majini la Waingereza lilikuwa na kawaida ya kuwakamata vijana kwa nguvu na kuwaingiza katika manowari zake, na Mmarekani huyu alikamatwa pamoja na wengine. Alitumikishwa katika meli za vita mpaka vita vilipozuka mwaka 1812 kati ya Uingereza na Marekani. Alipokataa kuwapigania Waingereza dhidi ya nchi yake alihesabiwa mfungwa wa vita. Mwishowe alifikishwa kwenye gereza la Dartmoor, lenye kuta nene za mawe, juu ya nyika yenye baridi na ukungu. Aliachiliwa mwezi wa Aprili 1815. Kwa miaka mitano kamili hakuwa na saa moja iliyokuwa mali yake. Wengine ndio waliomwambia wakati wa kuamka, wa kufanya kazi, wa kula na wa kulala. Jambo hilo tulikumbuke tutakapofika kwenye Sabato, kwa maana watu wa kwanza kupewa amri ya pumziko pale Sinai nao walikuwa wametoka utumwani. Kumbukumbu la Torati 5:15 linaunganisha mambo hayo mawili.

Alirudi nyumbani, akarudi baharini, na mwaka 1818 akamwoa Prudence Nye, rafiki yake tangu utotoni. Miaka michache baadaye alikuwa nahodha wa merikebu. Hapo lilianza jambo ambalo Wasabato wengi wanalikumbuka zaidi kumhusu, yaani matengenezo yake ya afya. Mwaka 1821 aligundua kwamba glasi moja ya pombe kali aliyokuwa akinywa kila siku wakati wa chakula ilimvuta kuliko chakula chenyewe. Akaiacha. Mwaka uliofuata akaacha na mvinyo, kisha tumbaku, kisha matusi ya kibaharia, na baada ya miaka kadhaa chai, kahawa na nyama. Hakuna mtu aliyemhubiria mambo hayo. Aliyaamua mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa nguvu ya nia yake, naye hakurudi nyuma.

Mtu wa namna hiyo anastahili sifa. Hata hivyo, ana hatari yake. Aliyefaulu kujitengeneza mwenyewe kwa miaka mingi anaweza kudhani kwamba hata moyo wake ataunyosha vivyo hivyo, kwa azimio na saa ya mfukoni. Naona kwamba Mungu alimchukua Bates taratibu sana katika jambo hili, na alianza kwa mkono wa Prudence.

Mwaka 1824 nahodha alikuwa safarini. Alifungua sanduku lake kutafuta kitabu cha hadithi cha kupitishia muda, akakuta juu yake Agano Jipya dogo ambalo mkewe aliliweka bila kumwambia. Ndani yake mlikuwa na shairi lililomfikirisha kuhusu kifo. Akaacha vitabu vya hadithi, akaanza kusoma Biblia. Katika safari hiyohiyo baharia mmoja aitwaye Christopher aliugua akafa, na kwa kuwa nahodha ndiye kasisi wa merikebu, ilimpasa Bates kusimama mbele ya watu wake na kuuombea mwili kabla haujatupwa baharini. Alijua vizuri kwamba hakuwa mtu wa kufanya kazi hiyo. Alikuwa na mamlaka juu ya kila mtu melini, lakini hakuwa na neno la kumwambia Mungu. Muda mfupi baadaye aliandika agano la kumkabidhi Mungu maisha yake. Aliporudi nyumbani aliendelea kutafuta, na mwaka 1827 alibatizwa na kujiunga na kanisa la mkewe huko Fairhaven. Mwaka huohuo alisaidia kuanzisha chama cha kiasi katika mji wake.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka huo wa 1827, kwenda Amerika ya Kusini katika merikebu iliyoitwa Empress. Kabla hawajafika mbali aliwakusanya mabaharia akawasomea masharti. Pombe ilikatazwa, na matusi pia. Asubuhi kungekuwa na sala. Jumapili hakuna kufua wala kushona nguo. Ili wasipate udhuru, aliwapa alasiri ya Jumamosi kwa kazi hizo. Mungu, ambaye kwake siku ya saba ilikuwa imebarikiwa tangu mwanzo, alimwona mtumishi huyu mwaminifu akiitenga siku hiyo kwa ajili ya ndoo za kufulia, kwa nia njema kabisa. Hakumtupa. Alimpa miaka kumi na saba zaidi ya kujifunza.

Fikiri: Soma Yohana 16:12, 13. Ni ukweli gani ambao wewe ulifunuliwa ukiwa tayari Mkristo wa miaka mingi? Ulikuwaje mtu wa Mungu kabla ya kuujua?

Bates alistaafu bahari mwaka 1828 akiwa na zaidi ya dola 10,000, mali nyingi kwa wakati ule. Alijenga nyumba, akapanda miforosadi akikusudia kufuga nondo wa hariri, akajiunga na harakati za kupinga utumwa ingawa jambo hilo lilimwondolea baadhi ya marafiki. Mwaka 1839 alisikia mahubiri juu ya kurudi kwa Kristo kama yalivyohubiriwa na William Miller. Akaamini, na alipoamini hakubakiza akiba. Aliuza nyumba yake na sehemu kubwa ya mali, akalipa madeni, na kilichobaki kikaenda kwenye kazi. Alisafiri hadi Maryland, jimbo la watumwa, akahubiri kwa mabwana na kwa watumwa wao, kati ya vitisho. Kisha ikafika tarehe 22 Oktoba 1844, ikapita, na Bwana hakuja.

Kuhusu siku hiyo tumejifunza mara nyingi. Hapa nataka tuione kwa macho ya mtu mmoja tu. Nahodha wa zamani anatembea katika mitaa ya mji unaomfahamu. Kila mtu anajua aliuza nyumba kwa ajili ya nini. Maisha yake yote alikuwa ameyaelekeza kwenye mwisho wa dunia, na mwisho haukuja. Mtu aliyekosea kuhusu mwisho atasimama wapi?

Jibu lilimfikia kutoka upande ambao hakuutazamia, yaani mwanzo. Mapema mwaka 1845 alisoma makala ya T. M. Preble, mchungaji aliyekuwa naye amehubiri marejeo, iliyosema kwamba siku ya saba haikuwahi kubadilishwa na Mungu. Mafundisho hayo yalikuwa yamefika kati ya Waadventista wa mji wa Washington, New Hampshire, kupitia Rachel Oakes, mama Mbaptisti wa Siku ya Saba. Bates aliipima makala ile kwa Biblia, akasadiki. Lakini hakuwa mtu wa kutosheka na karatasi. Alifunga safari hadi New Hampshire, akafika usiku nyumbani kwa mhubiri Frederick Wheeler, watu wakiwa wamelala. Wheeler aliamka, na wawili hao walijifunza Maandiko mpaka asubuhi. Wakaenda kwa Cyrus Farnsworth, wakaendelea na mazungumzo nje, chini ya miti.

Aliporudi nyumbani, akivuka daraja linalounganisha New Bedford na Fairhaven, alikutana na jirani yake James Madison Monroe Hall, ambaye alimwuliza habari kama watu wanavyoulizana njiani. Bates alimjibu kwamba habari ni kuwa siku ya saba ndiyo Sabato ya Bwana. Hall alikwenda kusoma Biblia yake, na baada ya muda mfupi naye alianza kuitunza. Watu hupenda kisa hiki kwa sababu ya ushujaa wa jibu lile. Mimi huvutiwa zaidi na neno habari. Jambo lenye umri sawa na ulimwengu, kwa Bates lilikuwa habari ya asubuhi hiyo.

Alikuwa ameona nini? Kijitabu chake cha kwanza juu ya Sabato kilitoka mwezi wa Agosti 1846, kikiwa na kurasa 48, na jina lake lenyewe linaonyesha njia aliyopita. Aliiita Sabato ya siku ya saba ishara ya kudumu, tangu mwanzo hadi kuingia katika malango ya mji mtakatifu. Hakuanzia Sinai. Kama Sabato ingeanzia Sinai, mtu angeweza kusema ni ya Wayahudi, ikapita pamoja na kondoo na mafahali wa sadaka. Bates alirudi hadi Mwanzo 2:1–3, mahali ambapo hapakuwa bado na Myahudi, wala dhambi, wala madhabahu, bali Mungu, ulimwengu mpya, na watu wawili. Kutoka hapo akaifuata hadi kwenye mana jangwani katika Kutoka 16, ambako watu waliitunza siku ya saba kabla ya kufika mlima wa Sinai, na hadi kwenye maneno ya Yesu katika Marko 2:27, yanayoonyesha kwamba siku hiyo ilifanywa kwa ajili ya mwanadamu.

Turudi kwenye fungu lenyewe na kulisoma polepole. Mwanadamu aliumbwa siku ya sita, baada ya wanyama wa nchi kavu. Alipewa kazi ya kutawala na kutunza. Kisha ikaja jioni, na siku ya kwanza nzima ya maisha yake ilikuwa Sabato. Adamu alikuwa hajalima tuta hata moja. Alipumzika kutoka kazi gani? Hakuwa na kazi ya nyuma. Aliingia katika pumziko la kazi ya mwingine. Kila kitu alichokihitaji kilikuwa kimekamilika kabla hajafungua macho yake, na jambo la kwanza aliloombwa ni kukaa na Yule aliyekikamilisha. Jumapili ndipo angeshika jembe.

Mpangilio huo ni kinyume cha jinsi wengi wetu tunavyoishi. Sisi tunafanya kazi ili tustahili kupumzika, na mwenye kazi isiyokwisha hastahili kamwe. Mama anayeuza mboga sokoni, mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha, mzee wa kanisa anayezunguka kwenye mikutano tangu asubuhi ya Sabato hadi usiku, wote wanajua hali hiyo. Ila kwa Adamu pumziko lilitangulia. Mwandishi wa Waebrania analiona jambo hilohilo katika sura ya 4, anapomfananisha mtu aliyeingia katika raha ya Mungu na Mungu aliyepumzika kazi zake. Ni injili iliyowekwa ndani ya kalenda kabla injili haijahitajika.

Fikiria basi lilimfikia nani. Lilimfikia mtu aliyetumikishwa miaka mitano bila saa yake mwenyewe, aliyejirekebisha kwa nia yake mwenyewe hadi pasibaki tabia mbaya ya kuondoa, aliyetoa mali yake yote kwa ajili ya ujumbe, na ambaye baada ya hayo yote alibaki na mikono mitupu.

Kwa majadiliano: Soma Mwanzo 1:31 na 2:1–3. Kama siku ya kwanza kamili ya mwanadamu ilikuwa ya kupokea na si ya kutenda, hilo linasema nini juu ya thamani yako siku ambayo huna cha kuonyesha, yaani siku ya ugonjwa, ya kukosa ajira, ya kushindwa mtihani?

Mikono yake ilikuwa mitupu kwelikweli. J. N. Loughborough, mmoja wa watangulizi, alisimulia kwamba wakati Bates akiandika kuhusu Sabato, Prudence alimjia akamwambia unga hautoshi kumaliza kuoka mkate. Nahodha alikwenda dukani na sarafu yake ya mwisho, yenye thamani ya senti 12 na nusu, akanunua ratili nne za unga. Prudence alishangaa kwamba mtu aliyekuwa akisafirisha shehena nzima za biashara amerudi na kifuko. Hapo ndipo mumewe alipomwambia kwamba ile ilikuwa fedha yake ya mwisho duniani. Mama yule alilia, akauliza watafanya nini. Bates alijibu kwamba Bwana atatoa. Jibu hilo halikumfariji, na tusimlaumu, maana ndiye aliyekuwa na chungu na watoto. Baadaye siku hiyo Bates alihisi moyoni kwamba aende posta. Palikuwa na barua yake, ila hakuwa hata na senti tano za kuilipia. Mkuu wa posta aliifungua mbele yake, na ndani mlikuwa na dola 10. Alinunua pipa zima la unga, viazi na sukari, akaviagiza vipelekwe nyumbani, akarudi na karatasi za kuandikia.

Kuna wanaokisoma kisa hiki kama ahadi kwamba kila atakayeitunza Sabato atakuta fedha posta. Kutoka 16 haisemi hivyo. Inasema kwamba siku ya sita ilianguka mana ya siku mbili, na kwamba waliotoka kutafuta siku ya saba hawakukuta kitu. Waisraeli walikula kwa siku, wala hawakuwa matajiri. Bates naye hakuwa tajiri tena maisha yake yote. Kijitabu kilipokwisha kuchapwa hakuwa na fedha za kumlipa mchapaji. Rafiki yake Heman Gurney, mhunzi aliyesafiri naye Maryland, alikuwa amelipwa deni ambalo hakulitegemea tena, akaenda kimyakimya kulipa bili ile. Bates hakujua ni nani aliyelipa.

Nakala za kijitabu hicho ziliwafikia James White na Ellen Harmon, waliofunga ndoa tarehe 30 Agosti mwaka huohuo. Walikichunguza kwa Biblia, na katika majira yale ya kupukutika kwa majani wakaanza kuitunza Sabato. Mwezi wa Januari 1847 Bates alitoa chapa ya pili, akiiunganisha Sabato kwa nguvu zaidi na ujumbe wa malaika watatu wa Ufunuo 14. Malaika wa kwanza anawaita watu wote kumsujudia yeye aliyezifanya mbingu, nchi, bahari na chemchemi za maji. Mtu aliyekuwa amesimama kwenye matarajio ya mwisho tu sasa alikuwa na miguu miwili, mmoja Mwanzo na mmoja Ufunuo. Jina la kanisa letu ni miguu hiyo miwili.

Nyumbani mambo hayakwenda upesi. Prudence, ambaye Agano Jipya lake lilimfikisha mumewe kwa Kristo, hakuipokea Sabato mwaka 1845. Wala 1846. Aliendelea kwenda kanisani kwake Jumapili, na imesimuliwa kwamba nahodha alimpeleka kwa gari la farasi hadi mlangoni, akarudi, kisha akaja kumchukua ibada ilipokwisha. Yeye aliyekuwa na masharti kwa kila baharia hakuweka sharti kwa mkewe. Hali hiyo ilidumu kwa miaka mitano. Mwaka 1850 Prudence alianza kuitunza Sabato kwa kusadiki kwake mwenyewe. Wapo katika madarasa yetu dada na ndugu wanaofungua Sabato peke yao kila Ijumaa jioni, mwenzi akiwa kwenye televisheni chumba cha pili. Wao wataisoma miaka hiyo mitano kwa uangalifu kuliko sisi wengine. Siku iliyobarikiwa katika Edeni ilitolewa kama zawadi, na Bates alionekana kuelewa kwamba zawadi haiingizwi nyumbani kwa fimbo.

Kuhusu Ijumaa jioni, alikosea. Akiwa baharia aliyezoea kupima dunia, aliona kwamba jua halizami kwa saa moja mahali pote. Huko kwao Massachusetts wakati wa kiangazi linazama baada ya saa moja jioni, na katikati ya majira ya baridi linazama hata kabla ya saa kumi na moja. Bates alichukua ikweta kuwa kipimo, mahali ambapo mchana na usiku hulingana, akafundisha kwamba Sabato huanza saa kumi na mbili jioni kila mahali duniani. Sisi tunaoishi karibu na ikweta, na ambao saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapotua, hatuwezi kumcheka. Kwetu tofauti ni ya dakika chache tu. Kwa ndugu wa kaskazini ilikuwa kazi inayoendelea saa nzima na zaidi ndani ya Sabato kila majira ya baridi. Kwa miaka kama kumi wengi walimfuata kwa sababu ya heshima yake.

Mwaka 1855 kijana J. N. Andrews aliombwa kulichunguza jambo hilo katika Maandiko. Alionyesha kwamba jioni ya Biblia, ile inayotajwa katika Mwanzo 1 na katika Mambo ya Walawi 23:32, ni kuzama kwa jua. Utafiti wake ulisomwa katika mkutano wa Battle Creek mwezi wa Novemba. Karibu wote walikubali, isipokuwa Bates, Ellen White na wachache wengine. Mkutano ulipokuwa ukimalizika Ellen White alipewa njozi iliyothibitisha yale ambayo Biblia ilikuwa imekwisha kuonyesha. Bates alikubali. Alikuwa na miaka 63, ndiye mtume wa Sabato kati yao wote, na alirekebishwa saa ya Sabato na mtu mwenye umri wa miaka 26. Hakuanzisha kundi lake. Ijumaa iliyofuata alikuwa na kazi ya kutazama jua kama kila mtu.

Sidhani kwamba miaka ishirini kabla angeweza kufanya hivyo. Mtu anayeijenga siku kwa mikono yake huitetea kama nyumba yake. Anayeipokea kila juma kutoka kwa Muumbaji anaweza kuambiwa kwamba imefika mapema kuliko alivyodhani, naye akafurahi.

Miaka iliyofuata aliitumia kupanda makanisa magharibi, hasa Michigan, akihamishia jamaa yake Monterey mwaka 1858. Ndiye aliyeongoza mkutano wa mwaka 1860 ambapo jina la Waadventista Wasabato lilichaguliwa. Mwaka 1868 habari za maisha yake, alizokuwa akiwaandikia vijana katika gazeti lao, zilitolewa kama kitabu. Ukikisoma utaona bado ni baharia: pepo, tanga, bandari, shehena.

Alijifunza kupumzika siku moja kati ya saba. Hizo nyingine sita hakuwahi kujifunza. Akiwa na miaka 79 alikuwa bado akisafiri kuhubiri, huku akila chakula kidogo mno na cha aina chache, hata Ellen White akamwandikia kumsihi ale vizuri zaidi na avae nguo za kumtosha wakati wa baridi. Prudence alikuwa amefariki mwaka 1870. Joseph Bates alilala tarehe 19 Machi 1872 katika taasisi ya afya ya kanisa huko Battle Creek. Mwili wake ulirudishwa Monterey, akazikwa kando ya mkewe, mbali sana na bahari.